Kutoka Kirusi Kimoja hadi Nasaba Nyingi: Historia ya Ujuzi Kuhusu Anuwai ya Kijenetiki ya Kirusi cha Homa ya Kuvuja Damu ya Krimea na Kongo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ujuzi wa kisayansi kuhusu kirusi cha homa ya kuvuja damu ya Krimea na Kongo ulivyobadilika tangu mwaka 1944. Hoja kuu ni kwamba ujuzi huo umepitia hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, ugonjwa wa Krimea na ule wa Kongo ulichukuliwa kuwa magonjwa mawili yasiyohusiana. Katika hatua ya pili, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, vipimo vya kingamwili vilionyesha kwamba kirusi ni kimoja. Katika hatua ya tatu, usomaji wa vinasaba ulidhihirisha kwamba ndani ya umoja huo mna nasaba kadhaa zinazotofautiana kwa kiwango kikubwa. Makala yanaonyesha kwamba kila hatua ilitegemea chombo cha uchunguzi kilichokuwapo, na kwamba mgawanyo usio sawa wa sampuli na maabara umeathiri picha tuliyo nayo leo, pamoja na usalama wa wagonjwa na wahudumu wa afya katika Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Istilahi za msingi: kirusi, kupe, nasaba, vinasaba, Hyalomma, Entebbe, Krimea, Kongo

1.0 Utangulizi

Homa ya kuvuja damu ya Krimea na Kongo ni miongoni mwa magonjwa yaenezwayo na kupe yaliyosambaa zaidi duniani. Hupatikana Afrika, katika nchi za Balkani, Mashariki ya Kati na sehemu kubwa ya Asia. Mwanadamu huambukizwa kwa kuumwa na kupe, hasa wa jenasi ya Hyalomma, au kwa kugusa damu na viungo vya mnyama aliyechinjwa karibuni, au kwa kumhudumia mgonjwa bila kinga ya kutosha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 40 ya wanaougua hufariki. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba kirusi katika damu kwa muda wa siku chache tu, wala hawaonyeshi dalili za maana. Kwa sababu hiyo mfugaji na mchinjaji hawapati onyo lolote kutoka kwa mnyama mwenyewe.

Maandishi mengi ya kitabibu huieleza historia ya kirusi hiki kwa sentensi mbili: kilionekana Krimea mwaka 1944, kikatengwa Kongo mwaka 1956, kisha majina mawili yakaunganishwa. Muhtasari huo si wa uongo, lakini unaficha swali muhimu. Ilikuwaje vitu viwili vilivyotenganishwa na bara zima na bahari vikakubaliwa kuwa kitu kimoja, na ilikuwaje kitu hicho kimoja kikaonekana tena, miongo mitatu baadaye, kuwa na sura nyingi? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kufuata vyombo vya uchunguzi vilivyotumika katika kila kipindi na mahali vilipokuwa.

2.0 Krimea: ugonjwa usio na kirusi, 1944–1967

Katika majira ya joto ya mwaka 1944, mara baada ya majeshi ya Ujerumani kuondolewa katika rasi ya Krimea, homa kali iliyoambatana na kuvuja damu iliwashika askari wa Kisovieti wapatao 200. Askari hao walikuwa wamepelekwa kusaidia mavuno katika mashamba yaliyokosa watu. Vita vilikuwa vimeacha ardhi bila kulimwa, na mwezi Mei mwaka huo serikali ya Kisovieti ilikuwa imewahamisha kwa nguvu Watatari wa Krimea. Mtaalamu wa kupe Harry Hoogstraal, katika mapitio yake ya mwaka 1979, alieleza kwamba kuachwa kwa mashamba na kukoma kwa uwindaji kulisababisha sungura kuongezeka, na pamoja nao kupe wachanga wanaowanyonya. Mlipuko wa Krimea, kwa hiyo, ulikuwa zao la mabadiliko ya ardhi yaliyoletwa na vita kama ulivyokuwa zao la kirusi chenyewe.

Msafara wa wanasayansi ukiongozwa na Mikhail Chumakov ulipendekeza mapema kwamba kisababishi ni kirusi na kwamba kupe ndiye mwenezaji. Ushahidi ulitokana na majaribio ambayo leo yasingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili. Damu ya wagonjwa iliyochujwa ilidungwa kwa wagonjwa wa akili waliokuwa wakitibiwa kwa njia ya kuwatia homa, na mchujo wa kupe ukadungwa kwa watu waliojitolea. Homa ilijitokeza. Hata hivyo, kirusi chenyewe hakikuweza kutunzwa katika maabara kwa njia ambayo ingewawezesha watafiti wa mahali pengine kukipokea na kukilinganisha na vyao. Kwa zaidi ya miaka 20 Krimea ilikuwa na ugonjwa uliofafanuliwa vizuri, lakini ilikosa kirusi kilichohifadhiwa.

3.0 Stanleyville na Entebbe: kirusi kisicho na ugonjwa, 1956–1967

Hali ya Afrika ilikuwa kinyume cha ile ya Krimea. Mwaka 1956, katika mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 13 aliugua homa. Daktari Courtois wa maabara ya mji huo katika Kongo ya Kibelgiji alitenga kirusi kutoka katika damu ya mtoto huyo. Muda si mrefu daktari mwenyewe naye akaugua, na damu yake pia ikatoa kirusi. Jambo hili lina uzito wa kihistoria: tangu mwanzo, mtu aliyekishika kirusi kwa ajili ya kukijua alikuwa miongoni mwa walioambukizwa nacho.

Sampuli za Kongo zilifanyiwa kazi Entebbe, Uganda. Taasisi iliyokuwa huko ilianzishwa mwaka 1936 na Wakfu wa Rockefeller kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano, ikawa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika ya Mashariki mwaka 1950, na kwa sasa ni taasisi ya taifa la Uganda. Hapo ndipo kirusi cha Zika kilipotambuliwa mwaka 1947. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wa Entebbe walipata virusi vingine vya aina ile ile ya Kongo kutoka kwa wagonjwa wa Uganda, baadhi yao wakiwa wafanyakazi wa maabara yenyewe. Mmoja wa wagonjwa alifariki. Mwaka 1967, katika Jarida la Tiba la Afrika ya Mashariki, David Simpson, Jack Woodall na wenzao walichapisha makala mawili yaliyokitambulisha "kirusi cha Kongo" kuwa kirusi ambacho hakijawahi kuelezwa.

Kwa hiyo katika mwaka huo hali ilikuwa hivi: Afrika ya Mashariki na ya Kati ilikuwa na kirusi kilichotunzwa vizuri katika majokofu, lakini ugonjwa wake ulionekana kuwa homa isiyo na sura maalumu, Krimea ilikuwa na ugonjwa wenye sura ya kutisha, lakini bila kirusi cha kubadilishana na wengine. Kila upande ulikuwa na nusu ya maarifa.

4.0 Muungano wa 1969 na mipaka ya kingamwili

Mwaka 1967, Chumakov, Aleksandr Butenko na wenzao walifanikiwa kukitenga kirusi cha ugonjwa wa Krimea kwa kukidunga katika ubongo wa panya weupe wachanga. Aina iliyotumika sana katika kazi hiyo, iitwayo Drozdov, ilitoka kwa mgonjwa wa eneo la Astrakhan. Sasa ulinganisho uliwezekana. Jordi Casals, aliyefanya kazi katika kitengo cha utafiti wa virusi vienezwavyo na wadudu na kupe katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alionyesha katika makala ya mwaka 1969 kwamba kirusi cha Krimea na kirusi cha Kongo havitofautiani kwa vipimo vya kingamwili. Katikati ya Vita Baridi, sampuli za Kisovieti na za Afrika zilikutana katika maabara ya Kimarekani, na magonjwa mawili yakawa moja.

Muungano wa majina ulifuata, lakini haukuwa mwepesi. Kwa miaka kadhaa maandishi yaliyachapisha majina hayo kwa mpangilio tofauti, wengine wakitanguliza Krimea kwa kuwa ugonjwa ulielezwa huko kwanza, wengine wakitanguliza Kongo kwa kuwa kirusi kilitengwa na kuelezwa kwanza Afrika. Mpangilio ulioshinda ni ule wa Krimea na Kongo. Kwa upande wa uainishaji, Afrika ya Mashariki ilipata nafasi yake kwa njia nyingine. Familia ambamo kirusi hiki kimewekwa, Nairoviridae, inachukua jina lake kutoka ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliochunguzwa na Montgomery kuanzia mwaka 1910 na kuchapishwa mwaka 1917. Jina la mji wa Kenya limo katika kila uainishaji wa kirusi cha Krimea.

Ni muhimu kuelewa muungano wa 1969 ulithibitisha nini hasa. Vipimo vya kingamwili vya wakati huo vilisoma umbo la protini, na hasa protini inayofunika vinasaba vya kirusi. Kama sehemu inayofuata itakavyoonyesha, protini hiyo ndiyo iliyobadilika kidogo zaidi katika historia yote ya kirusi. Chombo kilichotumika kilikuwa kinatazama mahali ambapo tofauti ni ndogo kabisa. Casals hakukosea, alijibu swali ambalo chombo chake kiliweza kuuliza.

5.0 Vipande vitatu, nasaba saba

Vinasaba vya kirusi hiki vimebebwa na RNA iliyogawanyika katika vipande vitatu. Kipande kidogo, S, hutoa protini inayofunika vinasaba. Kipande cha kati, M, hutoa protini za gamba la nje ambazo kirusi huzitumia kushikamana na seli. Kipande kikubwa, L, hutoa kimeng'enya kinachonakili RNA. Katika miaka ya 1990, teknolojia ya kusoma mfuatano wa vinasaba ilipoanza kuzifikia maabara zaidi, watafiti walianza na S kwa kuwa ni kifupi. Miti ya ukoo iliyotokana na kazi hiyo ilionyesha makundi yaliyofuata jiografia. Baada ya muda mgawanyo wa nasaba saba ukawa wa kawaida: tatu za Afrika, mbili za Asia na mbili za Ulaya. Afrika I huhusishwa na Senegali, Afrika II na Kongo, Uganda na Afrika Kusini, na Afrika III na kusini na magharibi mwa bara. Asia I hupatikana Mashariki ya Kati, Iran na Pakistan, na Asia II hupatikana Asia ya Kati na China. Ulaya I inajumuisha Urusi, Uturuki na nchi za Balkani, na Ulaya II ilitambuliwa Ugiriki.

Mwaka 2006, Deyde na wenzake walichapisha uchambuzi wa jenomu kamili 13 zilizochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Tofauti ya nukleotidi ilifikia asilimia 20 katika S, 22 katika L na 31 katika M. Katika kiwango cha asidi amino, tofauti ilikuwa asilimia 8 katika S, 10 katika L na 27 katika M. Kwa kirusi kienezwacho na kupe, viwango hivyo ni vikubwa mno. Kupe huishi muda mrefu, hukaa miezi bila kunyonya, na kirusi hudumu ndani yake kutoka hatua moja ya ukuaji hadi nyingine, hata kupitia mayai. Ilitarajiwa kwamba maisha hayo ya polepole yangekifanya kirusi kisibadilike sana.

Maelezo ya tofauti hizo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni muda: nasaba zimetengana kwa kipindi kirefu, kila moja katika makazi yake ya kupe na wanyama. Ya pili ni kubadilishana vipande. Kupe mmoja, au mnyama mmoja, akiambukizwa na virusi viwili vya nasaba tofauti, kizazi kinachofuata kinaweza kuchukua S na L kutoka kwa mzazi mmoja na M kutoka kwa mwingine. Hewson na wenzake walitoa ushahidi wa jambo hili mwaka 2004, na kazi zilizofuata zilionyesha kwamba M ndicho kipande kinachobadilishwa mara nyingi zaidi, ilhali S na L huelekea kusafiri pamoja. Matokeo yake kwa mwanahistoria ni makubwa. Kirusi kimoja kinaweza kuwa na nasaba mbili kwa wakati mmoja, na mti wa ukoo uliochorwa kwa S peke yake husimulia theluthi tu ya habari.

6.0 Nasaba zinapovuka ramani

Majina ya nasaba ni majina ya mabara, lakini kirusi hakifuati mipaka ya mabara. Mifano miwili inatosha kuonyesha njia za safari yake.

Mfano wa kwanza ni biashara ya mifugo. Kati ya 1994 na 1995 ugonjwa ulizuka katika Falme za Kiarabu, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wahamiaji katika masoko ya mifugo na machinjio. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1997 na Rodriguez na wenzake ulionyesha kwamba mlipuko haukuwa na chanzo kimoja. Virusi vya asili tofauti viliingia kwa pamoja, na mifugo iliyoagizwa kutoka nje, ikiwamo ya Somalia na Iran, ilihusishwa. Hapa usomaji wa vinasaba ulifanya kazi ambayo vipimo vya kingamwili visingeweza. Kwa kingamwili, wagonjwa wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Kwa vinasaba, walikuwa mwisho wa njia kadhaa za biashara, baadhi yake zikiwa njia kongwe kati ya Pembe ya Afrika na Ghuba.

Mfano wa pili ni ndege wahamao. Mwaka 2010 kirusi kilipatikana katika kupe waliotolewa kwa paa wekundu katika mkoa wa Cáceres, Hispania. Mfuatano wake haukufanana na ule wa Ulaya ya mashariki. Ulifanana na virusi vya Mauritania na Senegali vya nasaba ya Afrika III. Mwaka uliofuata kirusi kilichofanana nacho kilipatikana Moroko katika kupe waliokuwa juu ya ndege wahamao. Mwaka 2016 Hispania ilitangaza mgonjwa aliyeambukizwa nchini humo kwa kuumwa na kupe. Alifariki, na muuguzi aliyemhudumia aliambukizwa lakini akapona. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba nchi hiyo ina zaidi ya nasaba moja. "Afrika III" sasa ni sehemu ya wanyamapori wa Ulaya, na jina lake limebaki kuwa kumbukumbu ya mahali ilipoonekana kwanza.

7.0 AP92: jamaa aliyetoka nyumbani

Kisa cha AP92 kinafupisha historia yote ya mabadiliko haya. Mwaka 1975 kirusi kilitengwa kutoka kwa kupe wa spishi ya Rhipicephalus bursa waliokuwa juu ya mbuzi huko Vergina, kaskazini mwa Ugiriki. Kwa vipimo vya kingamwili kilihesabiwa kuwa kirusi cha Krimea na Kongo. Hata hivyo, kupe aliyekibeba hakuwa Hyalomma, na hakuna mgonjwa mahututi aliyejulikana eneo hilo. Vinasaba viliposomwa, AP92 kilionekana kuwa mbali na virusi vingine vyote, ndiyo maana kikapewa nasaba yake, Ulaya II. Kwa muda mrefu kilidhaniwa kutokuwa na madhara kwa binadamu. Baadaye ilielezwa kuhusu mtoto wa Uturuki aliyeugua kwa wepesi kutokana na kirusi kinachofanana nacho, na kutoka Iran ikaripotiwa habari ya mgonjwa aliyefariki.

Hatimaye wataalamu wa uainishaji walikubali kukitenga kuwa spishi tofauti, na kikaitwa kirusi cha Aigai, kwa jina la mji wa kale wa Wamakedonia uliokuwa mahali pa Vergina ya leo. Hivyo muungano wa 1969 ulipungukiwa na mwanachama mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna data ya kingamwili iliyokanushwa. Kilichobadilika ni kipimo kilichokubaliwa kuwa msingi wa kusema "kimoja" au "viwili".

8.0 Uzito wa suala hili kwa vipimo na kinga

Suala la nasaba lingeweza kuonekana kuwa la wanazuoni peke yao kama lisingegusa wodi ya hospitali. Kipimo cha PCR, ambacho leo ndicho msingi wa utambuzi wa mapema, hutegemea vipande vifupi vya vinasaba vilivyotengenezwa ili vishikamane na mfuatano unaojulikana. Mfuatano wa kirusi ukitofautiana mahali hapo, kipimo huweza kutoa jibu la "hakuna" kwa mgonjwa aliye nacho. Jibu kama hilo humweka mgonjwa katika wodi ya kawaida, na historia ya ugonjwa huu ni historia ya wodi. Dubai mwaka 1979 na Hospitali ya Tygerberg, Afrika Kusini, mwaka 1984, wahudumu wa afya waliambukizwa na wagonjwa waliokuwa wakiwahudumia. Kipimo kilichoundwa kwa kutumia virusi vya Uturuki au Iran hakipaswi kuchukuliwa kuwa kinatosha Kisangani au Agago kabla ya kuthibitishwa huko.

Hali ya chanjo ni hiyo hiyo. Bulgaria imetumia tangu mwaka 1974 chanjo iliyotengenezwa kwa ubongo wa panya wachanga kwa ajili ya watu walio hatarini, lakini chanjo hiyo haijakubaliwa kwa matumizi mapana nje ya huko. Chanjo zinazochunguzwa sasa zinapaswa kujibu swali ambalo mwaka 1969 halikuwapo: je, kinga dhidi ya nasaba moja inatosha dhidi ya nyingine, hasa ikiwa M, kipande cha protini za gamba la nje, ndicho kinachotofautiana zaidi na kubadilishwa zaidi?

Hapa ndipo upungufu wa sampuli za Afrika unapokuwa jambo la haki na usalama kwa pamoja. Uturuki, ambako mlipuko mkubwa ulianza mwaka 2002 na kuleta maelfu ya wagonjwa, imechunguzwa kwa kina. Afrika ya Mashariki na ya Kati, ambako kirusi kilitengwa na kutunzwa kwa mara ya kwanza, ilipita miongo mingi ikiwa na ripoti chache sana. Kenya iliripoti mgonjwa wake wa kwanza aliyethibitishwa mwaka 2000. Uganda ilianza kuripoti milipuko tena mwaka 2013, katika wilaya ya Agago. Ni vigumu kuamini kwamba kirusi kiliondoka na kurudi. Inaelekea zaidi kwamba uchunguzi ndio uliopungua baada ya kazi ya Entebbe ya miaka ya 1950 na 1960, na ndio uliorejea pale maabara ya taasisi hiyo ilipoimarishwa kwa ajili ya homa za kuvuja damu. Ukimya wa kumbukumbu haukuwa ukimya wa kirusi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba anuwai ya kijenetiki ya kirusi cha Krimea na Kongo haikugunduliwa kwa siku moja, wala haikubatilisha ujuzi uliotangulia. Wagonjwa wa Krimea waliuonyesha ugonjwa. Maabara za Stanleyville na Entebbe zilikihifadhi kirusi. Kingamwili ziliunganisha pande mbili. Vinasaba vikafunua nasaba, mabadilishano ya vipande, na hata jamaa mmoja aliyestahili jina lake mwenyewe. Kila chombo kiliona kile kilichoweza kuona.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mti wa nasaba unaotumika leo ni mti wa sampuli zilizopo, na matawi yake ya Afrika ni machache kwa sababu sampuli ni chache. Watafiti wanaoutumia wanapaswa kuusoma kama waraka wa kihistoria wenye mapengo. Pili, mapengo hayo yanaweza kuzibwa kwa njia zinazojulikana: kukusanya kupe kutoka masoko ya mifugo na machinjio ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, kusoma vipande vyote vitatu badala ya S peke yake, na kuifanya kazi hiyo katika maabara za eneo lenyewe. Kongo imo katika jina la kirusi hiki na Nairobi imo katika jina la familia yake. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba virusi vinavyozunguka katika nchi hizo leo vimo pia katika vipimo vinavyowalinda watu wake.